Utafiti upo, kivuli je? Afya ya wafanyakazi wa chumvi wa Magarini

Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa Kilifi juu ya vyandarua vilivyotiwa dawa. Katika vijiji vilivyopewa vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliofikishwa hospitali wakiwa na malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ilichukua miaka, fedha na mabishano mengi, lakini matokeo hayo hayakubaki kabatini. Leo mama mjamzito akienda kliniki hupewa chandarua bila kutoa shilingi, na vijana wengi hawajui kwamba kuna wakati wataalamu walibishana kama kitambaa kilichochovywa dawa kinaweza kuokoa maisha.

Nimeanza na vyandarua kwa sababu nataka kuzungumzia wazazi wa watoto hao. Ukitoka Malindi mjini ukavuka Mto Sabaki na kuifuata barabara ya Garsen, utapita Gongoni na Marereni hadi Kurawa, na upande wa baharini utaona mabwawa ya chumvi yametanda hadi upeo wa macho. Sehemu kubwa ya chumvi inayotiwa kwenye sufuria za Kenya hutoka ukanda huu. Wanaoitoa ni watu wa Magarini, eneo la Kaunti ya Kilifi, wake kwa waume, wengi wao vibarua wa kutwa. Na ndani ya kaunti hiyo hiyo, mjini Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989, ambacho kimeshiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria, RTS,S na R21. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani. Tuna watu waliobobea katika kuhesabu wagonjwa kijiji kwa kijiji. Ila hesabu ya vibarua walioanguka kwa joto, waliopasuka miguu au walioanza kuumwa figo haijawahi kuwa sehemu ya mazungumzo yetu ya afya jinsi malaria ilivyo.

Kuhusu kazi ya chumvi, elimu ya kutosha ipo tayari duniani. Kinachokosekana ni kuiingiza ndani ya ratiba ya siku, ndani ya namna ya kulipa na ndani ya daftari la msimamizi. Hadi sasa tumeiachia iishie kwenye buti na glavu.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu kutoka horini hadi kwenye mabwawa makubwa. Humo huhamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine huku jua na upepo wa kaskazi vikiyapunguza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mpaka chumvi ianze kuganda chini, maji yale yamekolea karibu mara kumi. Hapo ndipo watu huingia na mabeleshi kukwangua, kukusanya malundo, kusomba na kupakia. Mguu uliokaa ndani ya maji makali kiasi hicho kwa saa nyingi hunyonywa unyevu wake. Ngozi hukakamaa, kisigino hupasuka, na kati ya vidole hufunguka nyufa. Kidonda kidogo ambacho kwa mkulima kingefunga kwa siku chache, kwa mtu wa chumvi hakifungi, kwa sababu kesho yake alfajiri mguu unarudi majini.

Buti la mpira husaidia likiwa zima. Likitoboka, maji makali huingia yasitoke. Yakikauka jioni, punje hubaki ndani ya bitana, na kesho yake mguu unasuguliwa kama kwa msasa. Nimewaona kina mama wakirudi njiani Gongoni wakati wa magharibi, mabuti wameyabeba mikononi, wanatembea pekupeku. Ukiwauliza, watakuambia mchanga wa barabarani una huruma kuliko buti.

Kisha kuna mwanga. Kofia pana humkinga mkulima wa mahindi kwa kuwa jua lake linatoka juu. Juu ya chumvi nyeupe, mwanga unamulika pia kutoka chini, chini ya ukingo wa kofia, moja kwa moja machoni. Miwani ya jua kwa mtu huyu ni chombo cha kazi sawasawa na beleshi, lakini huwezi kumshawishi mhasibu asiyewahi kusimama katikati ya bwawa saa sita mchana.

Haya hayahitaji kugunduliwa upya. India ni miongoni mwa nchi zinazozalisha chumvi nyingi zaidi duniani, na watafiti wake wamewachunguza wafanyakazi wao kwa muda mrefu. Huko Rajasthan walikuta malalamiko ya macho, ngozi, kuumwa kichwa na kizunguzungu yamewaenea wafanyakazi wa chumvi. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotoka mwaka 2005, ulipima shinikizo la damu. Wanaofanya kazi karibu na vinu vya kusagia chumvi walikutwa na shinikizo la juu kuliko wenzao walio mbali na vinu, na watafiti wakaitazama vumbi ya chumvi inayovutwa na kumezwa kama sababu. Kikundi kidogo kilipopewa barakoa na miwani, shinikizo lilishuka. Najua kikundi kidogo hakitoshi kufunga mjadala. Ila kwa gharama ya barakoa, sioni tunasubiri nini kuijaribu hapa kwetu, tena katika jamii ambayo wazee wengi wanaishi na presha bila kujua.

Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, liko pwani, lina joto na unyevu, na linafanana na kwetu kuliko jangwa la Rajasthan. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wafanyakazi 352 kutoka mashamba saba ya chumvi. Takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa wakifanya kazi katika joto linalopita kiwango kinachopendekezwa kwa kazi nzito, na asilimia 7 walionyesha dalili za figo kupungua nguvu. Watafiti hao hawakuishia kwenye maji na mapumziko. Walitaja pia vyoo. Mtu asiyejua mashamba haya anaweza kuona hilo ni jambo la pembeni. Mwanamke anayefanya kazi kwenye uwanda usio na mti wala kichaka, choo kikiwa mbali au hakuna kabisa, ana njia moja ya kuilinda heshima yake kutwa nzima: asinywe maji. Kwa hiyo unaweza kuweka pipa la maji baridi kila baada ya hatua hamsini na bado ukapata mgonjwa wa figo, kwa sababu ya choo ambacho hakikujengwa.

Figo haziumi mapema. Mtu hujiona mzima kwa miaka, hufika kazini, hubeba, huimba na wenzake, na siku anayofika hospitali huambiwa habari za kusafisha damu kwa mashine. Mwajiri wakati huo keshamsahau, maana alikuwa kibarua tu, na hakuna kitabu kinachoonyesha alifanya kazi wapi na kwa muda gani.

Amerika ya Kati waliyapata haya kabla yetu na kwa uchungu mkubwa. Vijana waliokata miwa Nicaragua na El Salvador walikufa kwa ugonjwa wa figo uliowashangaza madaktari, kwani wengi hawakuwa na kisukari wala presha. Katika msimu wa 2014 na 2015, kikosi kimoja cha wakataji miwa huko El Salvador kilijaribiwa mpango wenye mambo matatu: maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishwa kufuata wakataji, na mapumziko yenye saa maalumu. Waliongezewa pia panga lenye umbo bora zaidi. Kila mtu alitarajia dalili za joto zipungue, na zilipungua. Jambo ambalo wenye mashamba hawakulitarajia ni mavuno. Mkataji mmoja alikuwa akikata wastani wa tani 5.1 kwa siku; baada ya mpango kuanza, kiwango kilifika hadi tani 7.3. Utafiti ule una kasoro zake, kwa kuwa mpango ulianza msimu ukiwa katikati, na panga jipya lina sehemu yake katika ongezeko hilo. Hata hivyo, yeyote anayedai kwamba mapumziko ni hasara ana wajibu wa kueleza tani hizo zilitoka wapi.

Kwa nini basi elimu hii haifiki bwawani? Sababu ya kwanza ni lugha ya lawama. Mtu akiumia kazini, neno linalosikika mapema ni uzembe: hakuwa makini, alilewa jana, alivua buti mwenyewe. Likikosekana la kumlaumu, husemwa ajali haina kinga, na faili likafungwa. Mazoea haya yana mizizi hata ndani ya taaluma yenyewe. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini husababishwa na vitendo vya wafanyakazi wenyewe. Takwimu hiyo ilisafiri dunia nzima na bado utaikuta katika mafunzo ya usalama. Waliokuja kuichunguza baadaye waliona kasoro kubwa: Heinrich alitegemea mafaili ya bima na taarifa za wasimamizi, na kumbukumbu zake za awali hazikupatikana za kuhakiki. Kwa maneno mengine, aliyeulizwa sababu ya ajali ni msimamizi. Mnyapara akiulizwa kwa nini mtu wake kaumia, sidhani atasema ni kwa sababu nilimnyima mapumziko.

Utafiti wa miaka ya karibuni umegeuza swali. Unauliza ni kitu gani katika mpangilio wa kazi kilifanya kosa dogo la mtu lizae madhara makubwa. Na umeweka utaratibu wa hatua ambao kila ofisa wa usalama hufundishwa. Unaanza kwa kuiondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, unabadilisha kifaa au njia, kisha unabadilisha ratiba na taratibu za kazi, na mwisho kabisa ndipo unamvika mtu vifaa vya kujikinga. Sisi tumeugeuza utaratibu huu juu chini. Mkaguzi akitarajiwa, mabuti mapya hutolewa stoo. Hakuna anayeuliza kama usombaji wa mgongoni ungeweza kufanywa na wilbaro lenye tairi pana, au kama njia ya mbao ingewekwa kati ya mabwawa ili mbebaji asikanyage maji makali kila mzunguko, au kama ukwanguaji ungeanza saa kumi na moja alfajiri ukaisha saa nne, na wakati wa jua kali watu wakafanya kazi za kivulini kama kushona na kupanga magunia. Mambo haya hayana uzuri wa picha. Mtu aliyevaa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya machungwa anapendeza kwenye kalenda ya kampuni. Ratiba iliyobadilishwa haionekani kwenye picha.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni malipo ya kipande. Anayelipwa kwa kiasi anachosomba hana mapumziko hata kama kivuli kipo. Kila dakika anayokaa chini anaikata mwenyewe kwenye unga wa watoto. Mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, unapendekeza kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa mtu anayefanya kazi kwenye joto. Katika siku ya saa nane hivyo ni vikombe zaidi ya ishirini. Pipa likiwa umbali wa dakika tano kwenda na tano kurudi, hesabu inakataa. Mfanyakazi anajua hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Ndiyo maana semina za kuhimiza unywaji wa maji, hata zikiendeshwa na watu wenye nia njema, huishia kwenye cheti na soda. Anayetaka mtu anywe maji na amlipie dakika za kunywa, kisha ayasogeze maji yafike alipo.

Kuna jambo jingine linalohusu vibarua wa kutwa. Mwili huzoea joto polepole. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani imeeleza kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini huwapata watu siku yao ya kwanza, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Ushauri wao ni kwamba mgeni wa kazi apewe asilimia 20 tu ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kidogo kidogo. Sasa tazama geti la alfajiri, watu wamejipanga, mnyapara anachagua kwa kidole. Kijana aliyetoka kukaa nyumbani miezi mitatu anachaguliwa kwa sababu ana kifua kipana, na anataka kuonyesha nguvu zake ili kesho achaguliwe tena. Mfumo mzima umepangwa ili mgeni ajitume kupita kiasi siku ile ile ambayo mwili wake hauwezi.

Na kuna Ramadhani, ambayo huikuti katika utafiti wa El Salvador. Mwaka 2026 mfungo ulianza katikati ya Februari, kilele cha kaskazi, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hutangulia kwa takriban siku 11, kwa miaka kadhaa ijayo mwezi mtukufu utaangukia Januari na Februari, wakati chumvi inavunwa kwa wingi na joto likiwa kali. Kumwambia Mwislamu aliyefunga anywe kikombe kila baada ya dakika 15 ni kumpa ushauri usio wake. Jibu linalomfaa ni la ratiba: kazi nzito ifanywe baada ya daku hadi jua likiwa bado chini, au usiku kwa taa pale inapowezekana, na kipimo cha kazi kipunguzwe bila kukata ujira. Hili haliwezi kuletwa na mshauri kutoka ng'ambo. Linahitaji kupangwa na watu wanaofunga na wanaofanya kazi nao bega kwa bega, maana katika mashamba haya Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa mila za Kigiriama hushika beleshi pamoja.

Upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atathmini hatari zilizopo na achukue hatua kulingana na alichokiona. Inataka maji ya kunywa, vyoo vya kutosha vilivyotengwa kwa wanawake na wanaume, na mavazi ya kujikinga kwa kila anayefanya kazi inayomweka kwenye majimaji au kitu kinachodhuru. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Mfanyakazi akiona hatari ya papo kwa papo ana haki ya kuondoka na kuripoti. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inampa aliyepata ulemavu wa kudumu wa kumzuia kabisa kufanya kazi fidia ya mapato ya miezi 96. Katiba, katika ibara ya 41, inamhakikishia kila mfanyakazi mazingira ya kazi yanayostahili. Na mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara kuhusu mashamba haya haya ya chumvi ya Magarini, ikigusa ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho, na huenda yuko kwenye foleni ya geti.

Shida ya sheria hii ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mwajiri anayejulikana. Kibarua wa chumvi mara nyingi huletwa na kontrakta, kontrakta ana mnyapara, na mnyapara ana daftari la majina ya siku hiyo tu. Mtu akiumia, kampuni humwelekeza kwa kontrakta, na kontrakta naye hapokei simu. Dai la fidia linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12, na miezi hiyo huisha mwathirika akitafuta mwajiri wake ni nani. Hapa utafiti hautasaidia. Panatakiwa uamuzi kwamba mwenye bwawa ndiye mwenye jukumu, hata mkataba ukipita mikono mingi kiasi gani.

Ukaguzi je? Waajiri husema ukaguzi ni usumbufu na wafanyakazi husema ni mchezo wa bahasha. Wote wana mifano yao. Lakini swali la kama ukaguzi unasaidia limejibiwa kwa njia nzuri kuliko mengi katika fani hii. Huko California mamlaka ya usalama ilikuwa ikichagua baadhi ya maeneo ya kazi kwa bahati nasibu na kuyakagua. Watafiti Levine, Toffel na Johnson wakayalinganisha na maeneo yanayofanana nayo ambayo hayakuchaguliwa, na mwaka 2012 wakachapisha majibu: maeneo yaliyokaguliwa yalipata upungufu wa asilimia 9.4 wa majeraha na asilimia 26 wa gharama za majeraha hayo, na hakukuonekana dalili ya watu kupoteza ajira wala kampuni kufungwa. Linalonivutia hapo ni bahati nasibu. Mkaguzi anayekuja kwa taarifa hukuta mabuti mapya. Mkaguzi ambaye hata yeye hakujua jana kwamba leo atapelekwa Marereni hukuta mambo yalivyo, na nafasi ya bahasha kupangwa mapema hupungua.

Nimesikia hoja kwamba tukibana sana, mwekezaji atahama. Hoja hii siichukulii kwa dharau, kwa sababu ndiyo inayowanyamazisha wafanyakazi wenyewe. Gongoni bila chumvi ni Gongoni yenye njaa, na anayesema vinginevyo hajalala huko. Lakini chumvi ya bahari inahitaji bahari, uwanda tambarare, jua la kaskazi na upepo. Vitu hivyo havifungwi kwenye kontena. Na vinavyodaiwa ni turubai, mapipa, vyoo, miwani na saa ya ukutani. Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya kwamba matokeo ya Tamil Nadu na El Salvador ni ya huko, na huenda kwetu yakawa tofauti. Ni kweli, na dawa yake ni kupima hapa.

Kupima kunaanza na swali dogo. Zaidi ya miaka 300 iliyopita Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena huko Italia, aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Malindi tumewazoea Waitaliano wa hoteli na mikahawa. Huyu angestahili kujulikana kuliko wote. Mtu akifika zahanati ya Gongoni au Marereni na kidonda cha mguu, macho mekundu, kizunguzungu au mkojo mweusi, muuguzi amuulize kazi yake na aandike. Baada ya msimu mmoja tutakuwa na kitu mkononi. Ofisi ya afya ya kaunti haihitaji idhini ya Nairobi kuanza kuuliza.

Ndani ya mashamba, kamati ya usalama ipewe daftari lake lenyewe, linaloandikwa na mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake, si mnyapara. Liandike hata yale yaliyokaribia kutokea: mtu aliyeyumba na gunia lakini hakuanguka, aliyeona giza akakaa chini kisha akaendelea, pampu iliyogusa mtu umeme kidogo. Matukio haya ndiyo yenye habari nyingi, kwa kuwa huja mara kwa mara na aliyehusika bado yuko hai kueleza. Lakini hayataandikwa iwapo kila anayeandika jina lake hukosa kuchaguliwa getini kesho yake. Majina yasiwepo, iwepo saa, mahali na kazi iliyokuwa ikifanywa.

Na kuna jaribio moja ambalo ningependa kuona likifanywa kaskazi ijayo. Maji, vyoo na miwani wapewe wote tangu siku ya kwanza, maana hayo ni haki ya kisheria na haifai kuwanyima wengine ili tulinganishe. Kinachojaribiwa kiwe ratiba: mapumziko ya kivulini yanayolipwa, kazi nzito kumalizika saa nne asubuhi, na mgeni kuanza na kazi kidogo. Vikosi viingizwe kwenye ratiba hiyo kwa zamu, vingine Desemba, vingine Januari, vya mwisho Februari, kwa kura inayopigwa mbele ya watu. Kampuni moja tu ikubali. Chuo Kikuu cha Pwani kilete wanafunzi wa kupima mkojo, uzito wa mtu kabla na baada ya kazi, na joto la bwawani kila saa. Tani za kila kikosi ziandikwe na kampuni na kamati kwa pamoja, kila upande ubaki na nakala. Msimu ukiisha, matokeo yasomwe kwanza Gongoni kwenye baraza la chifu, kwa Kigiriama na Kiswahili, wafanyakazi wakiuliza maswali yao, kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wowote wa hoteli Nairobi.